Agiza Mlango

Rumande, chumba namba sita
4 Machi

Shemeji Sindano,

Nakuandikia mapema kabla dada yako hajakusimulia nilivyokonda, maana najua atatia chumvi. Nimekonda kweli, ila bado sijakufikia wewe.

Tuko watu thelathini na wanane kwenye chumba kilichojengwa kwa ajili ya kumi na wawili. Tunalala ubavu, wote tukitazama ukuta mmoja, na mtu akitaka kugeuka anatangaza kwanza, ndipo tunageuka wote. Kalamu haziruhusiwi. Nimepewa kipande cha penseli ambacho nakinoa kwa kukisugua sakafuni. Ujue pia kwamba barua zetu zinasomwa na afande wa lango kabla hazijatoka na kabla hazijaingia. Ni mstaarabu, lakini anasoma kwa makini. Juzi alimuuliza mwenzangu kwa nini mkewe hakujibu lile swali la paa.

Jana nilipelekwa mahakamani. Mtaalamu wa upande wa mashtaka alisimama na rundo la karatasi refu kama mto wa kulalia. "Mheshimiwa," akasema, "hili ndilo faili alilotia saini mshtakiwa kabla programu haijapelekwa kwenye lifti ya hospitali. Nimesoma mistari elfu arobaini na moja. Ukaguzi wa mlango, unaozuia lifti kwenda mlango ukiwa wazi, haumo. Mshtakiwa aliuondoa." Yule mchukuzi wa wagonjwa aliyekatwa mguu na lifti hiyo alikuwa amekaa benchi la mbele. Hakunitazama hata mara moja. Alikuwa anaitazama ile karatasi. Dhamana imekataliwa, eti nikitoka nitachezea mafaili.

Wewe unajua mtaalamu alipokosea, lakini wakili wetu hajui, kwa hiyo msomee sehemu hii polepole.

Msimbo tunaouandika hauendi moja kwa moja kwenye lifti. Kompaila, ile programu inayougeuza kuwa lugha ya mashine, huupitia kwanza na kuukunjua: kila tulipoandika "ingiza faili fulani", inalichukua faili hilo na kulimwaga pale pale, neno kwa neno. Ndiyo maana mistari mia tatu ya kwetu ikawa elfu arobaini na moja. Faili hilo lililokunjuliwa tulikuwa tunalihifadhi kila tulipotoa programu, kwa sababu zamani lilikuwa na kila kitu ndani yake. Ungelipeleka kwenye mashine yoyote na lingejengeka.

Lakini ukaguzi wa mlango tuliuhamishia kwenye moduli mwaka juzi, na moduli haimwagwi. Hujengwa mapema, peke yake, ikakaa kwenye faili lake lililofungwa. Katika msimbo unabaki mstari mmoja tu: agiza mlango. Kompaila inapokunjua inauacha mstari huo ulivyo. Ni baadaye, inapojenga kwelikweli, ndipo inakwenda kutafuta kwenye mashine moduli yenye jina hilo na kuchukua kilichomo. Kwa hiyo mtaalamu alichoshika ni agizo tu. Mzigo wenyewe haukuwahi kuwa kwenye karatasi zile.

Nakuomba kitu kimoja. Itafute moduli ya mlango iliyokuwa kwenye mashine ya kujengea tarehe tisa Novemba, siku tulipotoa programu. Usiijenge upya, hata kwa nia njema, maana mpya itaifuta ya zamani. Inakili ilivyo, umpe wakili. Siku ile ulijenga wewe, kwa hiyo unajua ilipo.

Msalimie dada yako. Mwambie kikohozi kimepungua. (Hakijapungua, lakini mwambie.)

Shemeji yako

*

12 Machi

Shemeji,

Barua yako nililetewa na dada ikiwa kwenye mkoba wake, katikati ya funguo na dawa yako ya kikohozi ambayo walimrudisha nayo langoni. Kwa hiyo ule uongo wako haukufika mbali.

Wakili nimemsomea. Aliniomba nirudie mara tatu, kisha akauliza, "Kwa hiyo karatasi ile ni kama barua inayosema 'tazama kiambatisho', na kiambatisho hakipo?" Nikamwambia ndiyo. Akafurahi, akaandika. Akasema sasa kinatakiwa hicho kiambatisho.

Kuhusu hilo, mambo si mepesi. Bosi ameamuru mashine ya kujengea izimwe na ifungiwe stoo, na ufunguo anao yeye. Kobe, ambaye ndiye mtunza mashine, anazunguka tu na kikombe cha chai hana la kufanya. Naendelea kufuatilia. Ofisi imekuwa kama nyumba ya msiba: watu wanaongea chinichini, na ile picha ya hospitali tuliyoitundika pale mapokezi imeshushwa. Imebaki alama nyeupe ya mraba ukutani, na kila mgeni anaiangalia. Kiti chako hakuna aliyekikalia.

Wakili ana swali, nakuuliza kwa niaba yake. Tuseme siku ile moduli iliyokuwepo pale haikuwa yenyewe. Tuseme ilikuwa nyingine yenye jina hilo hilo. Kompaila ingejua? Ingekataa?

Dada hajambo. Anaongea kidogo. Jumapili nilimkuta amefua nguo zako zote, hata zile zilizokuwa safi.

Kunywa maji mengi.

Sindano

*

Rumande
19 Machi

Mtani wangu,

Swali la wakili wako limenifanya nikae macho nikihesabu mbao za dari, na sasa nadhani nimepata mlango wa kutokea.

Jibu ni hili. Kompaila huangalia jina, na huangalia kama moduli imejengwa na toleo lile lile la kompaila. Toleo likitofautiana inagoma hapo hapo, inakwambia moduli hii siitambui. Lakini jina likiwa sawa na toleo likiwa sawa, inaipokea na kuendelea. Haina namna ya kujua kama uliyoiletea ndiyo uliyoikusudia. Ukiipa moduli ya mlango inayosema uongo, lifti nzima itasema uongo huo, na lile faili lililokunjuliwa halitaonyesha tofauti hata ya nukta. Faili ni lile lile. Nilitia saini kitu ambacho hakikuweza kunionyesha kilichomo.

Sasa fikiri. Wiki ile ya Novemba ni nani aliweka toleo jipya la kompaila kwenye mashine? Kobe! Moduli zote za zamani zingegomewa. Lazima alileta nyingine kutoka mahali fulani ili mambo yaende, na hakusema. Ndiyo sababu anazunguka na kikombe. Nimemwambia wakili aombe Kobe aitwe ahojiwe. Wewe ulikaa ukajenga kwa moyo safi juu ya kitu alichokuwekea mwenzio. Nilikufundisha mwenyewe, najua mkono wako.

Nilipomaliza kuwaeleza wenzangu humu, mmoja aliyekuwa dereva wa lori alisema, "Kwa hiyo wewe umefungwa kwa sababu ya neno moja?" Nikamwambia mawili: agiza, na mlango. Wakacheka hadi afande akagonga nondo. Ndiyo mara ya kwanza nimecheka tangu Januari. Humu ndani kicheko kinaisha ghafla, kila mtu anakumbuka alipo kwa wakati mmoja.

Shemeji yako, ambaye leo amelala na matumaini

*

2 Aprili

Shemeji,

Nimechelewa kujibu, nisamehe.

Kobe aliitwa Jumatatu. Walimhoji kwa muda wa saa sita. Aliporudi hakuingia ofisini, alikaa kwenye ngazi za dharura kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, kwa sababu tangu Januari hapandi tena lifti. Nilimkuta pale. Aliniuliza, "Wewe unadhani nilifanya nini?" Nikakaa naye tu.

Kobe hakufanya, Shemeji. Ni kweli aliweka toleo jipya, lakini aliandikiwa aliweke, na alitutangazia sote. Moduli hakuigusa. Usinitake nieleze ninajuaje. Niamini, na umwambie wakili amwache.

Dada amenionyesha kalenda aliyoitundika jikoni. Anakata kila siku inayopita.

Sindano

*

Rumande
9 Aprili

Shemeji,

Barua yako imenichoma. "Usinitake nieleze." Mimi niko humu, nawe unamtetea Kobe bila hata sababu moja? Kama kuna kitu kati yenu, ungeniambia, ningekutania mwezi mzima na kukupa baraka. Lakini si wakati huu, na si kwa gharama yangu.

Basi haidhuru. Moduli haijapatikana, mashine iko stoo, na wakili amekuja na ushauri mpya. Anasema bila kiambatisho hatuna kesi. Nikikubali kosa tarehe ishirini na nane, hakimu anaweza kunipa miaka minne badala ya tisa. Nitakubali, Shemeji. Nitasimama niseme niliuondoa ukaguzi wa mlango, jambo ambalo sikulifanya, ili nipate tarehe ya kutoka.

Usinione mwoga. Hujui humu kulivyo. Asubuhi tunatolewa uani dakika ishirini, tunazunguka, tunarudishwa. Nimeanza kuomba ruhusa kabla ya kusimama, hata pale ambapo hakuna wa kuniruhusu. Juzi nilijaribu kukumbuka sauti ya mlango wa nyumbani kwetu ukifunguliwa, nikashindwa, nikapata tu sauti ya huu wa hapa.

Dada yako sijamwambia. Alipokuja nilimwambia mambo yanakwenda vizuri. Usimwambie. Ataijua siku hiyo.

Shemeji yako

*

15 Aprili

Shemeji,

Barua hii hataileta dada. Nitaileta mwenyewe langoni, nitaiweka mkononi mwa afande anayesoma barua, na nitamwomba aisome mbele yangu. Afande, kama ndio umefika hapa, tafadhali endelea na usiikunje.

Moduli ya mlango niliiweka mimi.

Tarehe tisa Novemba, saa nane mchana, nilikaa kwenye mashine ya kujengea. Kompaila ikagoma, kama ulivyoeleza: moduli imejengwa kwa toleo jingine. Nilipaswa kuijenga upya kutoka kwenye msimbo wake. Ingechukua dakika arobaini pamoja na majaribio, na fundi wa hospitali alikuwa amekaa mapokezi, begi tayari begani, akisubiri. Nikakumbuka kwamba kwenye mashine yangu ya mezani nina moduli ya mlango niliyoijenga wiki hiyo hiyo, kwa toleo jipya. Nikaileta. Kompaila ikaipokea bila neno. Programu ikajengeka, wewe ukaletewa faili lililokunjuliwa, ukalisoma, ukatia saini.

Ile moduli yangu ilikuwa ya majaribio. Mezani kwangu hakuna lifti wala mlango, kwa hiyo nilikuwa nimeiandika ijibu jibu moja siku zote, ili niweze kujaribu mambo mengine. Ukiiuliza mlango ukoje, inasema umefungwa. Ukiuliza mara elfu, umefungwa. Nilisahau, Shemeji. Siku ile nilisahau kabisa. Nilikumbuka Januari, siku tuliposikia kwamba lifti imepanda mlango ukiwa wazi na mtu mguu wake uko nje. Nilikuwa nimesimama karibu na dirisha, nikakumbuka, nikaketi chini sakafuni. Watu wakadhani ni huruma.

Kesho yake wakakukamata wewe, kwa sababu saini ni yako. Nikajiambia nitasema kesho. Kisha nikajiambia nitasema wakishakupa dhamana. Kisha ukaniandikia "ulijenga kwa moyo safi", nami nikawa siwezi hata kuishika kalamu. Nilikwambia ufunguo wa stoo anao Bosi. Ulikuwa kwa Kobe, na Kobe angenipa kabla sijamaliza kuomba. Lile swali la wakili halikuwa la wakili. Nilitaka kujua kama kuna njia yoyote ambayo kompaila ingeweza kunizuia siku ile, ili nipate mwingine wa kulaumu. Ukanijibu kwa uaminifu kwamba hakuna, kisha ukamlaumu Kobe.

Nyumbani kwenu nimekuwa nikila meza moja na dada kila Jumapili. Ananitilia chakula. Ananiambia, "Bila wewe ningekuwa peke yangu." Nikitoka pale natembea hadi kituo cha mabasi, naachia mabasi mawili matatu yapite kwa sababu siwezi kupanda na kukaa karibu na watu. Sisemi haya ili unihurumie. Wewe ulikuwa na kuta, mimi nilikuwa naweza kwenda kokote, na kokote nilikokwenda nilikuwa na neno lile moja: umefungwa.

Usikubali kosa. Mashine yangu nimeizima, nimeikabidhi kwa wakili asubuhi hii, na moduli ya majaribio imo, na tarehe yake. Kobe amefungua stoo mbele ya mashahidi wawili na kunakili iliyoko kwenye mashine ya kujengea. Alama zake za utambulisho zinalingana na za ile ya kwangu. Kobe nimemwambia kila kitu pale pale kwenye ngazi. Hakunitukana. Alikiweka kikombe chini, akaondoka.

Nikitoka langoni nakwenda kituo cha polisi. Dada sijamwambia. Nimejaribu mara nne. Nimeandika kwako kwa sababu nimeshindwa kusema kwake, na huo nao ni woga, naujua.

Sindano

*

7 Juni

Mdogo wangu,

Unajua mimi si mtu wa kuandika. Nyie wawili ndio waandishi, mimi nilikuwa mbebaji. Barua tano nilizibeba kwenye mkoba wangu, tatu zake na mbili zako, bila kufungua hata moja, kwa sababu nilidhani mnaongea mambo ya mashine ambayo siyawezi. Nikikumbuka hilo nashikwa na hasira hadi naacha nilichoshika.

Naandika ili ujue yaliyotokea, maana nasikia huko mliko habari zinafika vipandevipande.

Shemeji yako alirudi Alhamisi. Barua yako aliipata siku ile ile uliyoileta. Afande alimpa akiwa amesimama, akamwambia, "Kaa kwanza." Siku ya nne alimwita wakili na kumwambia hatakubali kosa.

Mahakama ilileta mtaalamu mwingine, mama mmoja mfupi mwenye miwani. Aliweka mezani kwa hakimu kisanduku chenye taa mbili na swichi ya mlango, akaunganisha kompyuta. Akachukua lile faili la mistari elfu arobaini na moja, akalijenga na moduli iliyojengwa kutoka kwenye msimbo wenyewe wa shemeji yako. Akaufungua mlango wa kisanduku. Taa nyekundu ikawaka, yaani lifti imegoma. Kisha akalijenga tena faili lile lile, herufi kwa herufi, na moduli yako. Akaufungua mlango. Ikawaka ya kijani, yaani lifti iende. Yule mtaalamu wa kwanza aliuliza kama anaweza kuona mstari wenyewe. Akaonyeshwa. Akausoma kwa sauti, maneno mawili, akaketi.

Shtaka la kuondoa ukaguzi limefutwa. Limebaki la kutia saini bila kujaribu kwenye lifti halisi, na hilo amelikubali mwenyewe, wakili hata hakumshauri. Alimwambia hakimu, "Nilisoma faili nikadhani nimeona kila kitu. Nilijua mlango haumo ndani yake na sikwenda kuangalia." Amepewa kifungo cha nje cha mwaka mmoja. Bosi naye ameitwa aeleze kwa nini kampuni haikuwa na mtu wa kukagua moduli. Kobe ametoa ushahidi wake na amekwisha kuacha kazi pale.

Nyumbani bado hajazoea. Analala ubavu, akitazama ukuta. Akitaka kuinuka mezani ananiangalia kwanza. Milango yote ya ndani ameiacha wazi, hata wa bafuni, nami siifungi.

Kuhusu wewe sijui niseme nini. Nilikutilia chakula Jumapili zote zile. Ulinitazama nikikata siku kwenye kalenda, na ulijua zilikuwa za nani. Kama ungeniambia Januari, ningekupiga, halafu ningekwenda nawe kituoni. Hiyo ndiyo inayoniuma. Sijakusamehe, na sitaki uniulize ni lini.

Jana tulikwenda kwa yule mchukuzi wa wagonjwa. Shemeji yako ndiye aliyetaka, mimi nilikuwa naogopa. Anakaa chumba cha chini kwa dada yake, kitanda kimesogezwa karibu na mlango. Shemeji yako alianza kumweleza, akataja kompaila, akataja moduli, mtu yule akainua mkono.

"Huyo msichana," akauliza, "alikamatwa, au alikwenda mwenyewe?"

"Alikwenda mwenyewe," nikasema. Sauti ilinitoka kabla sijafikiri.

Akasema, "Mimi hayo ya mashine hamtanielewesha nyie. Nataka aniambie yeye, uso kwa uso, siku ile alikuwa anawahi nini."

Siku ya wageni upande wenu ni Jumatano. Tutakuja watatu. Anatembea kwa magongo na hataki kushikwa, na kutoka barabarani hadi lango lenu ni mbali, kwa hiyo tutachelewa. Muda wa kuingia ukianza na hujatuona, usirudi ndani.

Dada yako